Barua kwa mwanangu: vile vidonge vya rangi mbili

Mwanangu, ugonile.

Jana umenipigia sauti imekauka, mafua yamekubana, koo linakwaruza, nikakuuliza umekunywa nini ukanijibu kirahisi tu, mama nimechukua amoksilini za buku hapo dukani, nimemeza viwili nimepata nafuu, vinne nimeviweka. Nikanyamaza. Ulidhani mtandao umekata kumbe nilikuwa nazimeza hasira, ndo maana naandika, kwa simu ungesema salio linaisha.

Ngoja nikwambie habari za ng'ombe wetu Mwali kwanza. Wiki mbili zilizopita kapata ugonjwa wa kiwele, chuchu moja ya nyuma imevimba ya moto, maziwa yanatoka na mabonge. Nikamwita daktari wa mifugo, akakamua kidogo kwenye kikombe cheusi akaangalia, akaisafisha chuchu na spiriti, akasukuma ile tyubu ya dawa, alafu akaniandikia kwenye daftari tarehe za kurudia na tarehe ambayo maziwa yataanza kunyweka. Siku zote hizo nimemwaga maziwa, asubuhi na jioni, nauma meno, hata ndama sikumpa, maana ukipeleka maziwa yenye dawa pale wanapokusanyia unaharibu tenki zima la wenzio. Sasa niambie, ng'ombe ana daftari, mtoto niliyemzaa hana hata cheti!

Mafua ni virusi. Amoksilini kazi yake ni kumzuia bakteria asijenge ukuta wake mpaka anapasuka, na kirusi hana ukuta huo, kwahiyo umempiga mtu ambaye hayupo nyumbani. Nafuu uliyoipata ni mafua yenyewe yanachoka, na hicho kibaridi cha Uyole mwezi wa saba kila mtu anapiga chafya. Walioumia ni bakteria wa tumboni kwako ambao hawakukukosea kitu, na wale wachache wenye ujanja wa kuikwepa dawa ndo wamebaki wanazaana kwa nafasi, na ubaya wao wanagawiana huo ujanja hata na bakteria wasio ndugu zao.

Na hili si jipya. Fleming, yule mwanasayansi aliyegundua penisilini mwaka 1928, dawa ya ukoo mmoja na hiyo amoksilini yako, alipokwenda kupokea tuzo ya Nobel 1945 alisimulia mfano wa bwana mmoja anaumwa koo, kanunua penisilini mwenyewe, kameza kidogo isiyotosha kuua vijidudu ila inatosha kuvifundisha, akamwambukiza mkewe, mke akapata nimonia, dawa ikagoma, akafa. Koo, mwanangu. Kama lako. Nimefundisha baiolojia miaka yote ile na huo mfano nilikuwa nausimulia darasani.

Alafu mimi huyohuyo nikafanya yaleyale. Unakumbuka ulipokuwa kidato cha tatu nikalazwa? Sikuwaambia yote. Nilikuwa na UTI inarudi rudi, kila ikirudi naenda dukani nachukua sipro, nayo ni dawa ya kuua bakteria, siku mbili mkojo hauchomi naacha, zinazobaki naweka kwenye lile kopo la majani ya chai kabatini, na nyie mkikohoa nawapa humohumo (nisamehe). Siku hiyo homa, mgongo, natapika. Daktari akasema mkojo uoteshwe. Baada ya siku tatu kijana wa maabara kaniita akanionyesha sahani ndogo ya plastiki, bakteria wangu wameota wameifunika yote kama ukungu, na juu yake vidoti vya karatasi, kila kidoti kimelowekwa dawa yake. Dawa inayofanya kazi inaacha duara safi pembeni ya kidoti chake. Vidoti saba. Maduara mawili. Sipro wamekua mpaka wameigusa. Nikachomwa sindano za mshipa wiki nzima, hela yote ya ndizi ikaishia pale. Na mimi nlikuwa na bahati maana maduara mawili yalikuwepo, mwaka 2019 peke yake wataalamu walikadiria watu zaidi ya milioni 1.2 duniani walikufa kwa sababu bakteria waliokuwa nao hawasikii dawa.

Sasa fanya hivi. Kesho nenda zahanati wakuangalie hilo koo, kama ni la bakteria daktari ataona na atakuandikia, akikwambia siku tano ni siku tano na masaa yake, sio mpaka utakapojisikia vizuri. Akisema ni mafua tu usimbembeleze akupe chochote, maana najua mnavyofanya, mtu akitoka bila dawa anaona hajatibiwa. Vile vinne usimpe huyo mwenzio wa chumbani hata akilia, na chooni usitupe, vibebe uwaulize hapohapo zahanati wavipokee.

Nimekutumia tangawizi, ndimu na asali kidogo kwa kosta ya saa nne, shukia stendi mapema konda hana subira. Na kidumu cha mtindi wa Mwali, usiogope, tarehe ya kwenye daftari ilipita juzi. Kidumu unirudishie, cha mara ile bado nakidai.

Mama yako,
Tukuyu