Kibarua cha kocha, na viatu vyako vya darasa la kwanza

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu Rehema,

Nimeisikiliza mara tatu ile sauti uliyonitumia. Mara ya kwanza nilisikia hasira yako tu. Mara ya pili nikakielewa kisa chenyewe: kocha ameachana na klabu, wewe umemsubiri saa mbili nje ya geti la mazoezi, kinasa sauti mkononi, na alipotoka akakutazama usoni akakwambia mwandike mnachotaka kama mlivyozoea, akapanda gari akaondoka. Mara ya tatu nikaizima simu nikaenda kukaa chini ya mwembe, mpaka mama yako akaja kuniuliza kama naumwa.

Unasema redio imekupa dakika kumi za kipindi cha Jumatano, na unataka nikusaidie maneno ya kummaliza. Umeshachagua hata mwanzo: kibarua chaota nyasi. Mwanangu, maneno hayo nimeyaandika mimi mara zisizohesabika. Kibarua kuota nyasi, kukalia kuti kavu, kufungashiwa virago. Kwa miaka mingi nilikuwa nayo tayari mezani kama mwashi alivyo na matofali, kazi yangu ikabaki kubadilisha jina la kocha tu. Kwa hiyo maneno ya kummaliza sitakupa. Nitakueleza habari ya Marcio Maximo, yule Mbrazili aliyekuwa kocha wa timu yetu ya taifa, Taifa Stars, habari ambayo hata mama yako hajapata kuisikia yote.

Maximo alipotua kutoka Brazil mwaka 2006, Taifa Stars ilikuwa timu ya kuhurumiwa. Mzee Mwinyi alishatuita kichwa cha mwendawazimu, kila anayejifunza kunyoa anakuja kunyolea hapo, na jina lile lilituuma kwa sababu lilikuwa kweli. Fainali za Mataifa ya Afrika, AFCON, hadi wakati huo tulikuwa tumezicheza mara moja tu, Lagos mwaka 1980, chini ya unahodha wa Leodegar Tenga, ambaye sasa ndiye alikuwa rais wa TFF, shirikisho letu la soka. Rais Kikwete alikuwa ndiyo kwanza ameingia Ikulu, mpenda mpira haswa, na serikali ikabeba mshahara wa kocha. Usisahau hilo la mshahara. Kocha anayelipwa na serikali kila mwananchi anamwona mfanyakazi wake, na sisi waandishi tulijiona wasimamizi wa mfanyakazi huyo.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Kwenye mechi za kufuzu AFCON tuliifunga Burkina Faso 2-1 nyumbani. Ndiyo, Dakar tulichapwa 4-0 mwezi Machi 2007, lakini Juni Senegal hao hao walikuja Mwanza, CCM Kirumba, wakabanwa 1-1. Wiki mbili baadaye Erasto Nyoni akafunga bao pekee kule Ouagadougou. Tanzania imeshinda ugenini Afrika Magharibi! Nakumbuka watu wa Kariakoo wakivaa jezi za bluu siku za kazi, jambo ambalo kabla ya hapo ungelifanya kwa Simba au Yanga tu. Babu yako, ambaye alikuwa amesusa habari za Stars tangu miaka ya themanini, alinipigia simu kuuliza tiketi zinauzwa wapi.

Halafu ikaja Septemba 8, 2007, uwanja mpya, huo unaoitwa Mkapa leo. Tulikuwa bado na matumaini ya kwenda Ghana, kwenye fainali za 2008. Msumbiji wakaja wakatufunga 1-0 na ndoto ikaishia pale. Siku ile ndipo vita vyetu na Maximo vilipokolea, na silaha yetu ikawa jina moja: Juma Kaseja.

Wewe humjui Kaseja wa wakati ule. Alikuwa kipa wa Simba, mwepesi, mwenye kiburi kizuri cha kipa anayejua kazi. Maximo alimwacha nje ya kikosi, langoni akamwamini Ivo Mapunda, na kila alipoulizwa jawabu lake lilirudi kwenye nidhamu. Hakulegea hadi mwisho. Mimi naamini hata leo kwamba Kaseja alistahili kuwepo. Sikuandikii kukwambia kwamba kocha alikuwa sahihi. Labda alikosea, tena vibaya. Lakini hebu niulize mimi, baba yako, niliyeandika makala zisizopungua ishirini kuhusu jambo hilo: nilimwuliza Maximo mwenyewe swali hilo mara ngapi, uso kwa uso, nikasubiri jibu mpaka mwisho?

Sikumwuliza hata mara moja. Nilikuwa nakaa safu ya nyuma kwenye mikutano yake na waandishi, naandika waliyouliza wengine. Yeye lugha yake Kireno, anajieleza kwa Kiingereza. Sisi lugha yetu Kiswahili, tunamsikiliza kwa Kiingereza hicho hicho. Kila neno lilivuka mito miwili kabla ya kumfikia msomaji wa Mbagala, na kila mto ulibeba kitu. Kocha akisema mchezaji fulani hajajituma mazoezini, asubuhi ukurasa wa nyuma unasema amemwita mvivu. Mchezaji anasoma, mama yake anasoma, na kambini siku hiyo hakukaliki. Baada ya mwaka wa mambo kama hayo kocha gani atakuja mbele yako amefungua moyo? Atakuja amefunga mikono kifuani, atajibu kwa ufupi, na sisi tutaandika kwamba ana dharau.

Sasa lile la 2008.

Juni mwaka ule Cameroon walikuwa wanakuja Dar kwenye mechi za kufuzu Kombe la Dunia. Wiki ile mtu mmoja wa karibu na klabu fulani kubwa aliniita mgahawani Kariakoo, akaniagizia chai na chapati, akanieleza kwamba kambi ya Stars imegawanyika, kwamba kocha anawabagua wachezaji wa klabu yao. Hakuwa na ushahidi. Nilipoinuka akanipa bahasha, akasema ya nauli. Ilikuwa na shilingi elfu thelathini. Kutoka Kariakoo mpaka chumba chetu cha habari nauli ya daladala haikufika hata elfu moja.

Niliandika. Sikwenda kambini, sikumpigia simu mchezaji hata mmoja, wala msemaji wa TFF. Mhariri wangu naye hakuuliza chanzo. Aliipenda, akaipa kichwa cha habari kikubwa kuliko nilivyoomba. Ilitoka Alhamisi. Jumamosi, Juni 14, timu ile niliyoitangaza kuwa imegawanyika iliingia uwanjani mbele ya Cameroon na dakika tisini zikaisha 0-0. Nilikuwa jukwaa la waandishi. Watu walikuwa wanalia kwa furaha, wageni wanakumbatiana, na mimi nimekaa na daftari langu, siwezi kusimama. Nilikuwa nimewaandikia wale vijana uongo, nao walikuwa wanakimbia mpaka misuli inawakaza.

Zile elfu thelathini zilinunua viatu vyako vyeusi vya shule na begi lenye picha ya kipepeo. Viatu vya zamani vilikuwa vimekubana, unachechemea, na mshahara wetu ulikuwa umechelewa mwezi wa pili. Sisemi hivyo kujitetea. Nataka ujue tu fedha ile iliingia nyumba gani, kwa sababu nayo ni sehemu ya habari ambayo sikuiandika.

Maximo hakuondoka mwaka ule. Mwaka 2009 akaipeleka Stars kwenye CHAN ya kwanza kabisa, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Ivory Coast. Tukafungwa na Senegal 1-0, tukawafunga wenyeji 1-0 kwa bao la Mrisho Ngassa, tukatoka sare ya 1-1 na Zambia, tukaaga. Wangapi kati yetu tuliandika kwamba hayo yalikuwa mashindano ya kwanza ya Afrika kwa Stars kufuzu tangu Lagos? Tuliandika, naam, kisha aya ya tatu tukarudi kwa Kaseja.

Mechi ninayoikumbuka zaidi ni ya Juni 7, 2010. Brazil walipita Dar wakielekea Kombe la Dunia Afrika Kusini. Kaka, Robinho, wote. Fikiria moyo wa mtu huyo: anasimama upande mmoja wa mstari akiwa kocha wetu, na upande wa pili ni nchi iliyomzaa, wimbo wa taifa lake unapigwa Temeke. Tulifungwa 5-1, bao letu la Jabir Aziz. Mkataba wake ulikuwa ukingoni na kila mmoja alijua. Hapo palikuwa na habari ambayo mwandishi yeyote duniani angeitamani, na ilikuwa umbali wa hatua thelathini kutoka nilipoketi. Nilimtazama. Nikajiambia nitamfuata nimwulize anajisikiaje. Miguu ikakataa. Utamwulizaje mtu anajisikiaje, ilhali miaka minne hukutaka kujua?

Muda mfupi baadaye akaondoka, akaja Jan Poulsen wa Denmark. Niliandika kwamba kibarua cha Maximo kimeota nyasi. Mstari mmoja wa kumuaga sikuwa nao.

Alirudi mwaka 2014 kuifundisha Yanga, na tazama dunia ilivyo, humo humo Yanga akamkuta Kaseja. Desemba mwaka huo huo, baada ya kufungwa na Simba 2-0 kwenye Nani Mtani Jembe, mechi maalumu ya watani hao wawili, akaondoka tena. Kaseja yeye aliendelea. Septemba 2019 Stars ilipoitoa Burundi kwa matuta, langoni alikuwa ni yeye, zaidi ya miaka kumi tangu tulipoanza kuandika kwamba amemalizwa. Hakuna kocha aliyemmaliza, wala kalamu zetu hazikumwokoa. Aliendelea kudaka tu.

Najua utaniambia, baba, kuna makocha wanaostahili kusemwa. Wapo. Mwaka 2020 Luc Eymael wa Yanga alirekodiwa akiwatukana mashabiki matusi ya kibaguzi, klabu ikamfukuza, na mwandishi ambaye angenyamaza siku ile angekuwa amewasaliti watu wake. Januari 2024 Adel Amrouche, kocha wa Stars, alizungumza kwenye televisheni ya kwao kwamba Morocco ndiyo inayoendesha soka la Afrika, CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikamfungia mechi nane katikati ya AFCON, na Stars ikabaki mikononi mwa Hemed Suleiman. Habari kama hizo ziandike bila kutetemeka. Maneno yao yapo, yamerekodiwa, kila mtu anaweza kuyasikiliza. Lakini angalia tofauti, Rehema. Huyo wa kwako amefanya nini? Amekataa kuongea na wewe. Hilo halijawa kosa lake bado. Linaweza kuwa jeraha, na huenda jeraha hilo lina jina la mtu aliyekaa kwenye kiti chako kabla yako.

Fungua kumbukumbu za redio yenu. Sikiliza ilisema nini juu ya kocha huyo msimu mzima. Hesabu ni mara ngapi walitaja "chanzo cha ndani" na mara ngapi sauti yake mwenyewe ilisikika. Kaa na wale waliokuwa naye kila siku: mtunza vifaa, daktari wa timu, kijana wa akiba ambaye hakupangwa mechi hata moja. Huyo wa akiba hasa. Aliyepangwa atamsifu na aliyeachwa atamlaumu, lakini kijana wa akiba mwenye akili atakwambia mazoezi yalivyokuwa. Mimi sikumtafuta hata mmoja wa hao.

Kisha mwandikie kocha. Usimwombe mahojiano, mwulize swali moja tu unalolihitaji kweli, na umwambie Jumatano utasema hewani kwamba ulimwuliza. Asipojibu, sema hajajibu, basi. Usimwongezee neno "amegoma", wala "kwa dharau".

Na mtu akikuita chai akakupa ya nauli, mwambie una nauli. Kama huna, nipigie. Pensheni ya baba yako ni ndogo lakini inafika mpaka kituo chochote cha daladala Dar es Salaam.

Mama yako anakusalimu, anasema uache kulala na simu mkononi. Nazi nimempa dereva wa basi la asubuhi, kazipokee stendi ya Magufuli kabla ya saa nane. Ndani ya kiroba, chini ya nazi, utakuta bahasha ya kaki. Ni lile gazeti la Alhamisi, Juni 2008. Nimelitunza miaka yote hii kwenye sanduku la vyeti. Ukurasa wa nyuma, safu ya kushoto, jina langu liko juu kabisa. Lisome kabla hujaandika neno lolote la Jumatano, halafu nipigie, hata kama ni usiku wa manane.

Baba yako