Barua kwa mwanangu: jedwali halikuambii kwa nini

Ngomeni, Tanga

Mwanangu Mwanahamisi,

Salaam aleikum. Huku sote hatujambo, bibi yako anakusalimu sana.

Barua yako nimeipata. Unasema jedwali la tofauti za seli ya mmea na ya mnyama umelikariri mpaka unaliota, na mtihani bado umekushinda. Sishangai. Jedwali linakutajia kilichopo na kisichopo, basi. Wewe kila mara uliza: seli hii kazi yake nini?

Mkonge si umekua ukiuona? Jani likipita kwenye korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, nyama ya kijani husagika, uzi ukabaki. Nyama ile ni seli hai: zina kiini kinachotunza maagizo ya urithi, vakuoli, yaani kifuko kilichojaa maji, na kloroplasti za kunasa mwanga. Uzi nao ni seli, tena ndefu, zilizoshikana kwa gundi ya mmea wenyewe. Hujijengea ukuta mnene wa selulosi, na lignini ya kuukaza, na nyingi zikikomaa hufa, ukuta ukabaki kulisimamisha jani. Kloroplasti humo hutaziona. Hata kwenye mzizi hazimo. Zitafanya nini gizani?

Seli zako wewe hazina ukuta, zina utando laini tu. Ungekuwa na za mkonge, goti usingelikunja.

Sasa damu, ambayo mimi nimezeeka nayo kwenye hadubini ya zahanati. Mwalimu akisema kila seli ya mnyama ina kiini, mtajie seli nyekundu ya binadamu. Hutoa kiini chake, na mitokondria, vile viwanda vyake vya nishati, pia, ipate nafasi ya kubeba himoglobini, inayobeba oksijeni. Upana wake ni mikroni 7 au 8 (mikroni elfu moja ndiyo milimita moja), imebonyea katikati pande zote mbili, na hujikunja ikapenya kapilari, mishipa midogo kabisa ya damu, nyembamba kuliko yenyewe. Gharama yake ni kwamba haiwezi kujikarabati: huishi siku 120 hivi. Halafu paka damu ya kuku kwenye kioo uitazame. Viini vimejaa! Vijana wa mafunzo wakija hapa huwa hawaamini.

Bakteria hawana kiini kabisa, DNA yao, yaani maagizo ya urithi, imo tu ndani ya saitoplazimu, ute unaojaza seli. Wengi wana ukuta, ila wa peptidoglikani, kitu kingine kabisa, si selulosi. Dawa ya penisilini huvuruga ujenzi wa ukuta huo, na kwa kuwa seli zako hazina ukuta, haina cha kubomoa kwako.

Nakuachia moja. Kimelea cha malaria kina kiini, hakina ukuta wa selulosi, na chakula hupora ndani ya seli zetu nyekundu. Lakini kina oganeli, yaani kiungo kidogo cha ndani ya seli, iitwayo apikoplasti, yenye asili moja na kloroplasti, ingawa mwanga hainasi tena. Kwenye jedwali lako utakiweka upande gani? Niandikie jibu, na useme nauli ya likizo ni shilingi ngapi siku hizi.

Baba yako