Sudi, zima hiyo grenda kwanza

Assalam aleikum Sudi. Shemeji anaendeleaje na mzigo wake wa tumboni? Huku Ujiji wote wazima, bi mkubwa anakusalimia sana, migebuka yako mikavu ntampa mtu wa treni Ijumaa.

Kilichoninyima usingizi ni Juma, kapita hapa jioni ananiambia umeanza kukwangua rangi kwenye milango ya mzee, tena kwa grenda, tena humohumo ukumbini. Kaka nakuomba zima kwanza, usiendelee mpaka umalize kusoma hii.

Unakumbuka mi nlivoifanya ile milango ya bibi, ya mninga, bluu juu ya kijani juu ya krimu? Msasa mkavu siku mbili, vumbi mpaka kwenye mtungi wa maji, na mtoto wa dada alikuwa anatambaa palepale, mikono mdomoni. Ndo baadae fundi mmoja akaniambia rangi za mafuta za zamani nyingi zilitiwa madini ya risasi, na kwa macho huwezi kuijua ipi inayo ipi haina. Vumbi lake linaharibu ubongo wa mtoto, na mama mjamzito akilivuta au kulimeza linamfikia na aliyeko tumboni. Sudi, mpaka leo yule mtoto akichelewa kujibu nikimwita, moyo unanipasuka.

Kwahiyo shemeji aende kwao hata wiki mbili. Milango ishushe, ipeleke uani, tandika nailoni chini, paka rimuva, ile dawa ya kulainisha rangi, ikwangue ikiwa laini, inayobaki tumia msasa wa maji huku unailowesha. Barakoa ya fundi, sio kitambaa. Usichome rangi kwa moto, moshi wake ndo mbaya zaidi. Na ukumbi usiufagie, pangusa kwa tambara bichi, nguo zako zifuliwe mbali na za wengine. Mbao ikishakauka ndo unapitisha msasa namba 120 halafu 220, na bado funga pua maana hata mninga mtupu vumbi lake linawasha.

Iweke kivulini lakini, wa kwangu mmoja niliuegemeza juani ukapasuka ubao wa kati, niliumia sana. Na ule unaokwama usiupige randa wakati wa mvua, umevimba tu, kiangazi utabaki na mwanya wa kupitisha mjusi. Vanishi paka pande zote mbili na ukingo wa juu na wa chini, mafundi wengi wanauacha wa chini na maji yanapandia hapohapo.

Ila vanishi inaweza kusubiri, vumbi ndo haliwezi. Umeshakwangua mingapi? Mtungi mnaokunywa ulikuwa umefunikwa? Wale watoto wa jirani bado wanashinda hapo kwenu? Na shemeji usiku huu kalala chumba gani? Nijibu leoleo, simu ntaacha wazi.