Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mama abaki na mtoto wakati wa sindano

Mheshimiwa Waziri,

Tunaomba jambo moja. Mtoto mchanga anapotobolewa kisigino, anapowekwa kanula (mrija mwembamba wa mshipani) au kupitishwa mpira wa kulishia, mama yake asiambiwe asubiri nje. Abaki, ampakate, amwimbie. Na hilo liandikwe kwenye mwongozo wa wodi za watoto wachanga, pamoja na kiwango cha sauti, kwa sababu sauti ikitumiwa vizuri hutuliza, na ikitumiwa ovyo humchosha mtoto.

Hadi miaka ya 1980 wachanga walikuwa wakipasuliwa bila dawa ya kutosha ya maumivu, kwa dhana kwamba mishipa yao ya fahamu haijakomaa. Mwaka 1987 madaktari K.J.S. Anand na P.R. Hickey walichapisha mapitio yaliyoonyesha kwamba mtoto mchanga, hata njiti (aliyezaliwa kabla ya wakati), anaumia. Kuhusu sauti, utafiti uliofanyika Bronx, New York, na kuchapishwa mwaka 2023 ulihusisha wachanga 100 waliotobolewa kisigino. Wote walipewa maji ya sukari kidogo mdomoni, na kundi moja likasikilizishwa pia muziki laini wa ala kwa dakika 20 kabla ya kutobolewa na wakati wa kutobolewa. Kundi hilo lilipata alama ndogo za maumivu. Sauti ya mama ina sifa ya ziada: mtoto ameisikia tumboni tangu wiki ya 25 hivi.

Kazi inakwenda hivi. Mama anakaa, mtoto anawekwa kifuani ngozi kwa ngozi dakika 10 hadi 15 kabla. Kisigino kinapashwa kwa kitambaa chenye joto lisilozidi nyuzi 42 kwa dakika 3 hadi 5, maana kisigino baridi hakitoi damu na mtoto atatobolewa tena. Mama anaanza kuimba wakati huohuo, mtoto akiwa bado mtulivu. Hapa ndipo wengi hukosea: wimbo huanza baada ya kilio, na kilio cha mtoto kikishapanda, hasikii tena sauti ya chini, mama naye hupandisha yake. Muuguzi atoboe ubavuni mwa kisigino, si katikati ambako mfupa uko karibu, kwa kina kisichozidi milimita 2. Asikamue. Asimuulize mama maswali ya faili katikati ya kazi, kwa kuwa wimbo utakatika pale unapohitajika zaidi. Mama aendelee kuimba hadi pumzi ya mtoto irudi kawaida, hata kama damu imeshakauka.

Wimbo wowote unafaa, wa Kisukuma, wa Kihaya, wa kanisani au kaswida, mradi ni wa taratibu, unaorudiarudia, na sauti haipandi ghafla.

Kiwango cha sauti ndicho kinachotutia wasiwasi kuliko yote. Mwaka 1997 Jumuiya ya Madaktari wa Watoto ya Marekani ilionya kwamba kelele za wodi ya wachanga zinazozidi desibeli 45 (kipimo cha ukubwa wa sauti) ni za kutia wasiwasi. Mazungumzo ya kawaida ya watu wazima yako karibu 60. Kwa hiyo mama aimbe kwa sauti ya kunong'ona, mdomo ukiwa karibu na mtoto, na redio na mazungumzo ya zamu yazimwe kwanza. Simu isiwekwe ndani ya inkubeta: kuta zake hurudisha sauti, na mlio wa ujumbe humshtua mtoto. Tahadhari ni kubwa zaidi kwa anayepewa gentamaisini, dawa ya kuua bakteria, kwani inaweza kudhuru sikio la ndani, na kelele huenda zikaongeza madhara.

Njiti mdogo sana huenda asihimili wimbo na kupapaswa kwa pamoja. Akitanua vidole, akipata kwikwi, akigeuza uso, akibadilika rangi au pumzi ikisimama kidogo, mama anyamaze na amtulize kwa mikono miwili isiyotikisika. Pumzi isiporudi mara moja, hilo ni la muuguzi.

Tusieleweke vibaya: wimbo si dawa ya ganzi. Kwa sindano ndogo uende pamoja na kunyonyesha au maziwa ya mama mdomoni. Kwa mpira unaoingizwa kifuani kutoa hewa au maji, mtoto anahitaji dawa, na hakuna wimbo unaoweza kuiziba nafasi hiyo.

Gharama ni ndogo. Tunaomba kiti kimoja chenye mgongo kwa kila chumba cha sindano, na fomu ya alama za maumivu inayopima uso, kilio, pumzi, mikono, miguu na hali ya kuamka, jumla 0 hadi 7, ijazwe kabla, wakati wa kazi na dakika 2 baadaye. Spika na mashine za muziki hatuziombi. Tunaomba pia wakunga waanze kuwafundisha akina mama kliniki, kabla hawajajifungua, kwa kuwa mama aliyeingia wodini na hofu saa hiyohiyo si rahisi kuanza kuimba mbele ya wageni.

Wauguzi na wakunga wa wodi za watoto wachanga