Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi: Tununulie Kipima Mwanga

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Hospitali,

Kwa heshima zote, tunakuandikia hadharani kwa kuwa barua 3 tulizoleta ofisini kwako hazijajibiwa. Wiki iliyopita mgonjwa mwenye ualbino alirudi kutoka Busoga, na madoa ya magamba tuliyomtibu kwenye paji la uso yameota upya. Madoa hayo yakiachwa huweza kuwa saratani.

Hatua zote za tiba ya krimu na mwanga zilifuatwa. Magamba yalikwanguliwa, krimu ikapakwa unene wa milimita 1 na kuvuka kingo za doa, ikafunikwa saa 3 kwa bandeji isiyopitisha mwanga, ikapanguswa, taa nyekundu ikawashwa. Ndani ya seli krimu hugeuka porifirini, kemikali inayoamshwa na mwanga. Mwanga mwekundu, wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 630 hivi, huiamsha porifirini, nayo huifanya oksijeni kuwa sumu inayoua seli. Kikikosekana kimoja kati ya dawa, mwanga na oksijeni, tiba haipo. Ndiyo maana tunakataa ganzi yenye adrenalini: hubana mishipa, na oksijeni hupungua.

Tatizo letu ni mwanga. Dozi ya mwanga ni juli 37 (juli ni kizio cha nishati) kwa kila sentimita ya mraba ya ngozi. Taa ikitoa miliwati 75 kwa eneo hilo, dakika 8 na sekunde 13 zinatosha. Ikishuka hadi miliwati 40, dakika 8 zinaleta juli 19 tu, karibu nusu ya dozi, na kwa macho taa inawaka nyekundu vilevile! Huenda ni vumbi kwenye lenzi. Huenda feni imechoka na taa inachemka, au ni betri tunayotumia umeme ukikatika. Tunashuku yote matatu, na bila kipima hatuwezi kujua. Kuongeza dakika kwa kubahatisha ni kumwongezea mgonjwa maumivu, na tiba hii inauma sana tayari.

Kwenye kikao cha Januari ulituahidi kipima mwanga kabla ya Juni. Mwaka mpya wa fedha umeanza Julai, na tunachosikia ni kwamba taa nyingine 2 zimeagizwa. Taa hizo zisubiri, Mheshimiwa. Kipima ni kifaa cha kushika mkononi: kila asubuhi kinawekwa pale ngozi itakapokuwa, umbali uleule kutoka kwenye taa, na namba inaandikwa daftarini kabla mgonjwa wa kwanza hajaketi.

Tunaomba pia vivimbe vinene viende kwa wapasuaji, maana mwanga huu hauzami zaidi ya milimita chache, na krimu ikae kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 8. Lakini ukiweza kutupa kimoja tu, tupe kipima mwanga. Mgonjwa yule amepangiwa kurudi Jumatatu ijayo, na hatutaki kumwashia tena taa tusiyoijua nguvu yake.

Wako katika kazi,
Wauguzi na mafundi, kliniki ya ngozi