Salamu za kufunga mwaka kutoka Tabata, kwa tuliobaki mjini

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Heri ya Krismasi iliyopita na heri ya mwaka mpya unaobisha hodi. Salamu zimechelewa mwaka huu, najua. Leo ni Jumamosi, tarehe 28 Desemba 2024, pilau imeshaisha hadi ukoko, nami nimekaa barazani Tabata, kanga moja kiunoni, nyingine kichwani, na joto limetukalia kama mgeni asiyejua kuaga.

Nawasalimu wote, ila naanza na sisi tuliobaki mjini. Wachaga wameshakwenda zao kuhesabiwa, Wahaya wamefuata, stendi ya Magufuli kule Mbezi imewamwaga kila mtu kwao, na Dar imebaki na wenyewe. Wanaoishi hapa wanajua raha yake. Wiki hii kati ya Krismasi na mwaka mpya ndiyo pekee ambayo mji unakupa kiti kwenye daladala bila kugombana na mtu. Juzi nilipanda gari la Segerea pale Kariakoo saa kumi na moja jioni, nikakaa dirishani, nikaitazama mikrismasi ilivyowaka nyekundu, na baada ya dakika 35 nikawa nafungua geti la nyumbani. Niliingia ndani na wasiwasi, kama mtu aliyesahau kitu ofisini. Saa nzima iko mikononi, sijui niifanyie nini.

Basi nikaikalia hapahapa barazani, nikajiuliza mwaka mzima huu nimefanya nini hasa. Jibu lilikuja haraka kuliko nilivyopenda: nimesubiri. Nimesubiri daladala ijae, nimesubiri foleni ya Buguruni isogee, nimesubiri maharage yaive, nimesubiri umeme urudi. Mwaka ulianza na mgao, mnakumbuka, tukiulizana kwa simu "kwenu upo?" kabla hata ya kusalimiana. Februari mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ukaanza kuzalisha, na mgao ukapungua taratibu mpaka swali lile likatutoka mdomoni. Halafu masika. Hayo ya Jangwani na maji yake niyaache, tusije tukaharibu sikukuu.

Kwa hiyo nikiangalia vitu nilivyovipenda mwaka huu, vile ambavyo ningekuambia na wewe uvijaribu, karibu vyote ni vitu vilivyonipunguzia kusubiri. Hakuna cha fahari hata kimoja.

Kinara ni jiko la presha la umeme. Kikoba chetu tulikivunja Desemba ya mwaka jana, wenzangu wakanunua vitenge, mmoja akanunua bati za nyumba yake ya Chanika, mimi nilitaka friji na hela haikufika. Nikarudi na jiko. Miezi miwili likakaa kwenye boksi lake, kisingizio kikiwa mgao, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa naliogopa. Mtu aliyekulia kwenye mkaa haamini sufuria inayojifunga yenyewe.

Siku nilipolifungua ilikuwa Jumanne, nimefika nyumbani saa mbili usiku na kijana hajala. Nikatia nusu kilo ya maharage ya njano, makavu, sikuyaloweka, maji, kitunguu, chumvi ya vidole viwili. Nikaenda kwenye mita ya LUKU, nikasoma uniti zilizobaki, nikaziandika kiganjani kwa kalamu. Kazi yangu ni kutunza vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo sipiki bila hesabu. Nikabonyeza, nikasimama mlangoni tayari kukimbia. Jiko likafoka mara moja, kile kipini chake kidogo kikapanda, likanyamaza. Lilinyamaza mno, ikabidi nilisogelee kuona kama lipo hai. Baada ya dakika 45 likalia, nikaachia mvuke kwa mpini wa mwiko nikiwa nimegeuza uso, nikafunua. Punje nzimanzima, hazijapasuka, lakini ukiibana moja kwa vidole inakuwa uji. Nikarudi kwenye mita: limekula uniti 0.4. Nikasimama pale gizani nikizidisha na kugawa, nikakumbuka saa mbili na nusu za kupepea mkaa kwa ajili ya chungu hichohicho, nikacheka peke yangu.

Mwezi Mei serikali ikazindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia. Wanaozungumzia misitu na mapafu wana haki kabisa. Mimi nilijiunga kwa uchovu.

Kabla sijaendelea, nikiri na hasara. Januari nililipia miezi sita kwenye ukumbi mmoja wa mazoezi, jina nalihifadhi. Nilikwenda mara nne, ya tano nikakuta kufuli na karatasi ya kuomba radhi. Hela haikurudi. Badala yake, Jumamosi mbili kwa mwezi, mimi na wenzangu wawili wa dukani tunakutana alfajiri tunatembea Daraja la Tanzanite, kilomita moja na kidogo juu ya bahari, upepo wa bure, kisha tunaendelea mpaka Coco Beach. Hapo tunakula mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ukwaju, na yote tuliyoyapunguza darajani yanarudi mahali pake. Uzito haujashuka. Usingizi umeongezeka.

Sasa treni. Hii ndiyo iliyonifanya niandike.

Mama yangu anaishi Morogoro. Ana miaka 72 na magoti yasiyotaka kusikia habari ya basi. Baada ya msiba wa baba alikuja Dar mara moja tu, akashuka ameshika kiuno, akasema sitaki tena. Basi la Moro siku njema ni saa nne. Siku mbaya unakaa foleni ya Kibaha mpaka muuza korosho anakuuliza watoto hawajambo. Kwa hiyo mwenye kwenda nilikuwa mimi, na nilikwenda mara chache kuliko nilivyokuwa nikimwambia mchungaji.

Tarehe 14 Juni treni ya umeme ikaanza kubeba abiria Dar hadi Morogoro, na mwishoni mwa Julai ikafika Dodoma. Nilipanda kwa mara ya kwanza Julai hiyo. Nauli 13,000. Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, nilikuwa bado natafuta mahali pa kuweka chupa ya maji nikaona milima ya Uluguru imekaa mbele yetu. Hazikutimia saa mbili. Nikampigia mama nikiwa stesheni.

"Umeamkaje, mama?"

"Salama mwanangu. Vipi joto la huko?"

"Nipo Moro."

"Moro ipi?"

Jumapili kabla ya Krismasi nikaenda kumchukua. Alivaa doti ya kanga mpya na sweta, kwa sababu jirani yake alimwambia mle ndani kuna baridi. Alibeba kapu la mboga za Mgeta, njegere na karoti, na ndoo ya maembe aliyokataa mtu yeyote asiishike. Gari moshi la utoto wake analikumbuka vizuri: safari ya Kilosa, masizi kwenye kola, ule mlio wa magurudumu ambao watoto walikuwa wakiutungia maneno. Treni ilipoondoka alikaa kimya muda mrefu, kiganja kimelala juu ya kiti cha mbele. Mwisho akanigeukia. "Mbona haliimbi?"

Sikuwa na jibu. Kweli halikuwa linaimba.

Tulipita Ruvu akiwa anasimulia, akaniuliza Ruvu bado? Nikamwambia imeshapita. Akaangalia nyuma dirishani kama mtu aliyeibiwa. Na tulipofika Dar, watu wote wamesimama, wanavuta mabegi, mama amekaa. Nikamwambia tumefika. Akasema, "Nimelipiwa elfu kumi na tatu, acha niikalie kidogo." Tukaikalia mpaka dada mmoja wa treni akaja kutusindikiza kwa heshima zote.

Ndiyo hivyo, Krismasi hii nimekula na mama yangu nyumbani kwangu. Kwenye pilau hatukugombana. Kwenye maharage tuligombana. Alilizunguka jiko langu kama mkaguzi, akaonja punje moja, akatafuna taratibu, akatoa hukumu: "Yameiva, lakini hayajapikwa." Akaniomba mbuzi. Ilibidi nikaazime kwa jirani wa upande wa kulia, maana mimi siku hizi nanunua tui la kopo. Akakaa juu ya mbuzi pale uani, nazi ikashuka kwenye sinia nyeupe kama unga, akakamua tui zito na jepesi, akawasha mkaa kidogo tu, akayarudisha maharage motoni kwa nusu saa. Nikaonja. Ninajua kukubali nikishindwa. Tangu siku hiyo maharage ya nyumba hii yana wapishi wawili, umeme unaivisha, mama anapika.

Sahani moja ilikwenda kwa yule jirani pamoja na mbuzi yake. Yeye ni Mwislamu, mimi Mkristo; Idi sahani yake huja kwangu imefunikwa kwa kitambaa cha kudarizi, Krismasi yangu inakwenda kwake imefunikwa kwa sahani nyingine kwa sababu sina kitambaa. Mwaka ujao nimeahidi kununua.

Mengine yaliyonipendeza nayataja nikipita. Kunyamazisha magrupu ya WhatsApp: nilikuwa kwenye kamati nne za harusi kwa wakati mmoja, sasa nayafungua Jumapili tu, mchango natoa, kelele sizisikii. Kahawa chungu na kashata kwa yule mzee wa kijiweni anayegonganisha vikombe. Sijui kwa nini nilingoja umri huu wote nikidhani ni ya wanaume wa bao. Na tarehe 19 Novemba, mimi nisiyejua mpira, niliruka na mtaa mzima Msuva alipoifunga Guinea na Taifa Stars ikakata tiketi ya AFCON ya Morocco. Nilimwaga chai. Sijutii.

Katika salamu za mwaka jana nilitaja majina ya watu wawili ambao mwaka huu siwezi kuwatumia salamu. Familia zao wananisoma. Poleni, nawakumbuka kila nikipita pale kona ya msikiti.

Nawatakia heri mlio kazini wakati wengine tunakula pilau: manesi wa zamu, walinzi, makondakta, dada wa kwenye treni. Mlio Moshi na Bukoba, rudini salama, ila msiharakishe, tunawaomba, bado tunafaidi viti. Wazazi wenzangu, najua Januari inatungoja na ada zake na sare na zile ndala ambazo shule inaziita viatu vya bwenini. Mwanangu amemaliza kidato cha nne Novemba, analala mpaka saa tano akisubiri matokeo, nami nimemwacha, maana mwaka huu kila mtu ana haki ya kusubiri kwa namna yake. Wana kikoba, tukutane Januari kama kawaida, na safari hii friji lazima.

Na ile ndoo. Maembe yalikuwa dodo, mabichi, magumu kama mawe. Mama ameyavundika mwenyewe chini ya kitanda, kwenye ndoo ileile, na majani ya mgomba na gunia la mchele juu yake. Mimi nilitaka kwenda kununua yaliyoiva pale Buguruni, elfu mbili fungu, tuyale siku hiyohiyo. Alinitazama tu. Kila asubuhi huinama, huchagua moja, hulibonyeza karibu na kikonyo kwa kidole gumba, hulirudisha, hufunika. Leo alfajiri nikajaribu kuchungulia peke yangu wakati amelala. Harufu imeanza, tamu, imejaa chumba chote. Sijagusa hata gunia nikasikia sauti kutoka kitandani, macho bado yamefumbwa:

"Bado."

Anasema yatakuwa tayari tarehe moja mchana. Mlio karibu, karibuni Tabata. Kila mtu aje na kisu chake.