Mwanafunzi anayenyamaza si jeuri

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu ukimya wa wanafunzi wa sekondari, ambao wengi wetu walimu tumezoea kuuita jeuri au uzito wa akili.

Katika shule za msingi za serikali mtoto husoma kwa Kiswahili miaka saba, utaratibu ulioanza mwaka 1967, kisha akifika kidato cha kwanza hukuta karibu masomo yote yamegeuka Kiingereza. Wiki chache za mafunzo ya awali ya lugha haziwezi kuziba pengo hilo.

Muhula uliopita nilimwuliza msichana wa kidato cha pili, kwa Kiingereza, jinsi mmea unavyojitengenezea chakula. Alisimama, akawa anasokota pindo la sweta lake, asitamke neno. Nikamwacha amesimama hadi kengele ilipolia. Jioni, nikisahihisha madaftari, nilikuta pembezoni mwa daftari lake maandishi ya penseli yaliyofutwa nusunusu: "usanisinuru, majani yanatumia mwanga wa jua, maji na kabonidayoksaidi." Jibu alikuwa nalo. Alikuwa amelifuta kwa sababu shuleni kwetu anayekutwa na Kiswahili huvishwa kibao shingoni, na aibu ile niliyompa mbele ya wenzake inaniuma hadi leo.

Tangu hapo nimewaangalia kwa makini wanavyoikabili adha hiyo. Wapo wanaokariri ukurasa mzima bila kuuelewa, wapo wanaoomba ruhusa ya kwenda chooni kila zamu yao ya kujibu inapokaribia, wapo wanaomcheka aliyekosea ili wasitazamwe wao, na wapo wanaoishia kwenye utoro. Lakini wapo pia wanaokutana chini ya mwembe baada ya chakula cha mchana, mmoja akawafafanulia wenzake somo zima kwa Kiswahili, kisha wakatafuta pamoja namna ya kulieleza kwa Kiingereza.

Sikipingi Kiingereza, maana mitihani ya taifa inawasubiri kwa lugha hiyo. Ninachowaomba walimu wenzangu na wakuu wa shule ni kwamba wanachokifanya watoto chini ya mwembe kiruhusiwe darasani: aliyekwama ajibu kwanza kwa Kiswahili, mwalimu amsaidie kuijenga sentensi ya Kiingereza, na vibao vya shingoni viondolewe. Katika vipindi vyangu nimeanza hivyo muhula huu, na msichana yule amekwisha kunyoosha mkono mara mbili.

Mwalimu wa Biolojia,
Morogoro